Kitabu cha Wageni: Barua ya Wazi kwa Spika na Wabunge

Mheshimiwa Spika,
Waheshimiwa Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: OMBI LA KUWEKA WAZI WANAOSHAWISHI UTUNGAJI WA SHERIA



Mimi ni mkamuaji wa alizeti mkoani Singida. Nina mashine moja, vijana wanne wa kazi, na ghala ambalo mwaka mzuri hujaa magunia mpaka mlangoni. Mafuta yangu nayauza kwa madumu kando ya barabara kuu, na mashudu huchukuliwa na wafugaji. Sina chama kikubwa nyuma yangu wala wakili wa kuniandikia. Barua hii nimeiandika mwenyewe, usiku, mashine ikiwa imezimwa.

Kwenye ofisi ya kijiji chetu kuna meza ya mbao, na juu ya meza kuna kitabu cha wageni. Jalada lake limechakaa, kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee. Kila anayeingia, awe bwana shamba, mkaguzi, au mtu aliyekuja kuulizia kiwanja, anajaza mistari ile ile: tarehe, jina, anakotoka, sababu ya kuja, saini. Mtendaji wetu hana mchezo na kitabu hicho. Siku moja alimrudisha mgeni aliyeshuka kwenye gari kubwa akitaka kupita moja kwa moja kuzungumza na mwenyekiti kuhusu eneo la malisho. Alimwambia, "Mzee, andika kwanza. Wanakijiji wakiniuliza nani alikuja, nitawajibu nini?" Yule mgeni akaandika.

Hata nyumba ya kulala wageni pale stendi haikupi ufunguo kabla hujaandika jina, unakotoka na unakokwenda.

Waheshimiwa, ninachokuja kuomba ni kitabu hicho. Nyumba inayotunga sheria za nchi nzima haina kitabu ambacho mwananchi anaweza kukifungua akaona nani alikuja kwa mtunga sheria, akitumwa na nani, akiomba kifungu gani kiingizwe na kipi kiondolewe. Getini mnaandikisha wageni kwa ajili ya usalama, na hilo ni sawa. Lakini sheria yenyewe haina daftari la waliokuja kuiomba. Tunaipokea ikiwa imekamilika, imepigwa muhuri, na hatujui nani alikuwa jikoni ilipokuwa inapikwa.

Naomba nieleze malalamiko yangu moja baada ya jingine, kisha niseme ninachotaka kifanyike.

1. Kumshawishi mtunga sheria ni haki, na mimi mwenyewe naitumia

Nianze hapa ili nisieleweke vibaya. Katiba yetu, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa lake. Mwagizaji wa mawese ana haki hiyo. Mwenye kiwanda cha kusafisha mafuta anayo, benki inayo, kampuni ya simu inayo, chama cha walimu kinayo. Nami, ninapomsimamisha mbunge wangu msibani na kumwambia hali ya alizeti, nafanya kazi ile ile ya kushawishi.

Tena najua upande wa pili, wa wanaotaka ushuru wa mafuta ya nje ushuke, una hoja. Mafuta kutoka nje yakipanda bei, mama anayekaanga mihogo Tandale ndiye wa kwanza kuumia. Nchi bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta inayokula, na viwanda vinavyosafisha mafuta ghafi vimeajiri watu. Hoja hizo zina uzito, na nataka zisemwe. Nataka zisemwe mahali ninapoweza kuzisikia, ili nami nizijibu.

Malalamiko yangu ni juu ya maneno yanayosemwa pasipo mimi kuwepo, na ambayo baadaye yananifikia kama sheria.

2. Neno moja ndani ya sheria lina thamani ya meli nzima

Watu wengi wakisikia ushawishi wanafikiria bahasha. Bahasha zipo, nitazifikia. Lakini kazi kubwa ya washawishi wa kulipwa ni juu ya maneno madogo ambayo mwananchi hayaoni.

Mkumbuke mwaka 2018. Shehena za mafuta ya mawese zilikwama bandarini Dar es Salaam kwa mabishano ya neno moja: je, mafuta yale ni ghafi au yamekwisha kusafishwa? Ushuru wa ghafi ni mdogo, ushuru wa yaliyosafishwa ni mkubwa. Mabishano yalifika mpaka ndani ya Bunge lenu. Kwa mtu wa nje ule ulikuwa ugomvi wa maabara. Kwetu sisi wakamuaji ulikuwa ugomvi wa riziki, kwa sababu bei ya mbegu ya alizeti Singida, Dodoma na Simiyu hupanda na kushuka kwa kufuata kiwango kinachotozwa mawese kule bandarini. Serikali ikipandisha ushuru wa mafuta ya nje, mkulima anapanda ekari zaidi. Ikishusha ghafla, anabaki na magunia ghalani akitafuta wa kumpokea kwa bei ya hasara.

Sasa tazameni nani ana nafasi ya kulipigania neno hilo. Faida ya ushuru kushuka inaangukia kampuni chache, na kila moja inapata kiasi cha kuweza kulipa wanasheria, wahasibu na watu wa kukaa Dodoma msimu mzima wa bajeti. Hasara inagawanyika kwa maelfu ya wakulima, kila mmoja akipoteza pesa ya ada ya mtoto mmoja. Hakuna mkulima atakayepanda basi kila wiki kwa hasara hiyo, wala aliye na namba ya simu ya mtu wa Hazina. Ndiyo maana wachache wenye faida kubwa huwashinda wengi wenye hasara ndogo ndogo, hata pale wabunge wote wanapokuwa waaminifu.

Na kuna jambo ambalo wakulima wengi hawalijui. Viwango vya ushuru wa forodha haviamuliwi kwa kura zenu. Wizara hukusanya mapendekezo ya kodi, mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hukutana kabla ya bajeti, wakakubaliana, na viwango hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya. Ninyi mnavisikia kwenye hotuba ya Juni, na Julai mosi vinaanza kutumika. Mwenye kujua njia hiyo hamfuati mbunge. Anamfuata mtaalamu anayeandaa pendekezo mwezi wa pili au wa tatu, wakati mkulima yuko palizi. Sheria ikija kwenu, kazi imekwisha kufanyika.

3. Tunaitwa wadau, lakini tunaitwa wakati chakula kimeshapakuliwa

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye kikao cha wadau kilichoandaliwa na ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Ujumbe wa simu uliingia jioni, kikao kilikuwa keshokutwa asubuhi, mji mwingine. Nikaandika maoni yangu kwenye kaunta buku, kurasa nne, nikapanda basi la alfajiri.

Ukumbini tuliokuja kwa niaba ya wakulima tulikuwa wawili. Meza ya mbele ilikuwa na vibao vya majina vilivyochapwa. Mwakilishi wa kampuni moja alikuwa na andiko lililojalidiwa, lenye picha za rangi na majedwali. Tulipogawiwa rasimu ya mapendekezo ya ofisi ile, ambayo ilitakiwa itokane na maoni yetu, niliisoma kwa makini, maana nilikuwa nimesafiri kwa ajili yake. Ukurasa wa tatu, neno "alizeti" lilikuwa limeandikwa "alzeti". Wakati wa chai nikaomba kuliona lile andiko la kampuni. Aya ile ile ilikuwemo, kwa mpangilio ule ule, na humo nako waliandika "alzeti".

Sikusema kitu. Nilikuwa mgeni, na sikuwa na ushahidi zaidi ya herufi moja iliyokosekana. Nikasoma kurasa zangu nne, nikapigiwa makofi, nikasaini karatasi ya mahudhurio, nikapewa nauli. Katika ripoti ya mwisho jina langu limo kwenye orodha ya wadau walioshirikishwa. Katika mapendekezo halimo hata neno langu moja, wala hakuna mstari unaoeleza kwa nini maoni yangu yalikataliwa.

Waheshimiwa, jambo hili halihusu alizeti peke yake. Mwaka 2015 sheria za mafuta na gesi, zenye maslahi makubwa kuliko sheria nyingi mlizowahi kutunga, zilipita kwa hati ya dharura. Mwaka 2017 sheria za maliasili na madini nazo zilipita kwa hati ya dharura, ndani ya siku chache. Huenda nia ilikuwa njema, na mimi ni mmoja wa waliofurahi kusikia nchi inataka haki yake kwenye madini. Lakini dharura humbana asiyejua, wala haimbani mwenye mtu wake ndani. Mwenye mtu ndani huanza kuusoma muswada kabla haujachapwa. Sisi tunapewa siku tatu za kusoma, kuelewa, kusafiri na kujieleza.

Mliporidhia mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria zetu iwe Kiswahili, mlifungua mlango mkubwa. Kabla ya hapo hata ningepewa mwezi mzima, ningehitaji mtu wa kunisomea. Nawashukuru kwa hilo. Sasa tunaomba na muda wa kusoma.

4. Mkono mtupu haulambwi, na hilo tulishalikataa mahakamani

Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Wengine wameifanya methali hiyo kuwa utaratibu wa kazi. Mwaka 2000 sheria yetu ya uchaguzi ilibadilishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa jina la ukarimu wa Kiafrika. Mashirika ya wanasheria na watetezi wa haki yakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 Mahakama ikavifuta vifungu hivyo. Ilionekana wazi kwamba mpaka kati ya ukarimu na rushwa ukifutwa, mwenye pesa ndiye atakayekirimu na maskini ndiye atakayeshindwa.

Kama takrima kwa mpiga kura ni mbaya, takrima kwa mtunga sheria ni mbaya zaidi, kwa kuwa mpiga kura mmoja ana kura moja na mtunga sheria anabeba jimbo zima. Semina inayolipiwa na taasisi yenye muswada mezani, safari ya mafunzo inayogharamiwa na kampuni inayosubiri leseni, chakula cha jioni kinachoambatana na posho ya kikao: vyote hivyo vinaweza kuwa halali kwenye makaratasi. Lakini mla cha mwenzio na chako huliwa. Mtu aliyekulaza hoteli siku tatu hahitaji kukuomba kitu kwa maneno.

Bunge lenu lina kumbukumbu ya kulikataa jambo hili kwa ujasiri. Juni 2011 Katibu Mkuu wa Wizara ya Nishati na Madini aliziandikia taasisi zilizo chini ya wizara akizitaka zichange shilingi milioni 50 kila moja kwa ajili ya shughuli ya kuwasilisha bajeti bungeni. Mwezi uliofuata Beatrice Shellukindo, aliyekuwa Mbunge wa Kilindi, alisimama akaiweka barua ile hadharani. Nchi nzima ilisimama pamoja naye, na Bunge likaunda Kamati Teule kuchunguza. Marehemu yule hakuwa na silaha nyingine zaidi ya karatasi moja iliyosomwa kwa sauti. Naomba tuzingatie hilo: tulijua kwa sababu karatasi ilipatikana. Ni karatasi ngapi hazikupatikana?

5. Giza linamuumiza hata aliye safi

Julai 2012 Spika Anne Makinda aliivunja Kamati ya Nishati na Madini baada ya tuhuma za rushwa na mgongano wa maslahi kutajwa ndani ya Bunge. Uchunguzi uliofuata haukuzithibitisha tuhuma hizo dhidi ya wabunge. Lakini muulizeni mtu yeyote mtaani anakumbuka nini. Anakumbuka kamati kuvunjwa. Habari ya kusafishwa haikumfikia, na iliyomfikia hakuiamini.

Mbunge mwaminifu hana namna ya kuonyesha uaminifu wake katika mazingira haya. Akikutana na mwakilishi wa kampuni kwa dakika kumi kusikiliza hoja halali, anaweza kuitwa mla rushwa, na hana daftari la kumtetea. Na yule aliyekula kweli anajificha ndani ya kelele hizo hizo, akisema kila mtu anasingiziwa. Kitabu cha wageni kingemtenga mmoja na mwingine. Mtendaji wetu wa kijiji anakipenda kitabu chake kwa sababu hiyo: kinamlinda yeye kabla ya kumlinda mwanakijiji.

6. Kwa wenzetu tunaweza kusoma, nyumbani hatuwezi

Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikutana Arusha wakaazimia kuachana na mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Mwaka mmoja baadaye chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu cha Marekani, SMART, kiliandika malalamiko kwa ofisi ya biashara ya serikali yao, kikiomba nchi zetu zichunguzwe kama bado zinastahili nafuu za AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Julai 2017 kikao cha wazi kilifanyika Washington. Mwaka 2018 Rwanda, iliyokataa kurudi nyuma, ilisimamishiwa nafuu ya kuuza nguo bila ushuru. Sisi na Uganda tulikuwa tumeshalegeza.

Unaweza kukubaliana au kutokubaliana na mitumba. Mke wangu anavaa mitumba, na nusu ya wateja wangu wanaiuza. Lakini tazameni jambo hili. Mtu wa Singida mwenye simu anaweza kusoma nani huko Marekani aliomba sheria yetu ipingwe, kwa hoja zipi, siku gani, mbele ya nani. Malalamiko yapo wazi, kikao kilikuwa wazi. Mtu huyo huyo hawezi kusoma nani aliomba ushuru wa mafuta ubadilishwe hapa kwetu.

Marekani ina sheria tangu 1938 inayomlazimisha anayelipwa na serikali ya nje kujiandikisha na kuweka mkataba wake wazi. Serikali za Afrika zinazoajiri washawishi Washington zimo humo, na wananchi wao husoma mikataba hiyo kwenye daftari la Wamarekani kabla ya kuisikia nyumbani. Tangu 1995 wana sheria nyingine ya kuwasajili washawishi wa ndani. Ireland wana sheria tangu 2015, na mshawishi anatoa taarifa mara tatu kwa mwaka. Chile, nchi isiyo ya Ulaya wala Marekani Kaskazini, mwaka 2014 iliweka mzigo kwa viongozi wenyewe: kila kiongozi anaandika alikutana na nani, alisafiri kwa pesa za nani, alipewa zawadi gani.

Daftari peke yake haliui rushwa. Marekani washawishi hutumia zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka, na mwaka 2006 mmoja wao mashuhuri, Jack Abramoff, alikiri makosa mahakamani akafungwa. Pesa bado inaongea kule. Lakini inaongea ikiwa na jina, na mwandishi wa habari au mpiga kura anajua pa kuanzia kuuliza.

Nasi hatuanzi sifuri. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, na ibara yake ya 5.3 inazitaka serikali zilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku. Mwaka 2015 mlitunga sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi. Mwaka 2016 mlitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa. Tulishakubali kwamba mwenye maslahi makubwa aonekane. Tulikubali kwa tumbaku na kwa madini. Kilichobaki ni kukubali kwa sheria zote.

Waheshimiwa, baada ya kusema hayo, haya ndiyo ninayoomba:

Kwanza, itungwe sheria ya kuanzisha daftari la umma la washawishi. Yeyote anayelipwa, au anayewakilisha kampuni, chama cha wafanyabiashara, taasisi au serikali ya nje, anapokutana na mbunge, waziri, katibu mkuu au mtaalamu anayeandaa muswada au kiwango cha kodi, aandike: jina, anayemtuma, aliyekutana naye, tarehe, muswada na kifungu anachokizungumzia, na anachokiomba. Daftari liwekwe kwenye tovuti ya Bunge ndani ya siku 14, kwa Kiswahili.

Pili, wajibu uwe wa pande mbili kama Chile. Mgeni asipoandika, mwenyeji aandike.

Tatu, kila jedwali la marekebisho lieleze pendekezo limetoka wapi. Mbunge akileta kifungu alichopewa na kampuni au na chama cha wakulima, aseme hivyo. Hakuna aibu katika kusema. Kifungu kisicho na mwenyewe kisipigiwe kura.

Nne, maoni yote ya wadau yachapishwe, na ripoti ya kamati ieleze yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa sababu gani. Mstari mmoja kwa kila pendekezo unatosha. Mtu aliyesafiri kwa basi kilomita mia mbili anastahili mstari mmoja.

Tano, muswada ukae hadharani siku zisizopungua 21 kabla ya kamati kupokea maoni, na kwa miswada inayogusa uzalishaji, kamati ije pia kwenye mikoa inayozalisha. Hati ya dharura ibaki kwa dharura ya kweli, kama maafa na vita.

Sita, mapendekezo ya ushuru wa forodha yanayopelekwa Jumuiya ya Afrika Mashariki yachapishwe kabla ya mawaziri kukutana, pamoja na majina ya walioyaomba. Kwa mkulima wa alizeti hili ndilo ombi kubwa kuliko yote.

Saba, semina, safari na posho za wabunge zisilipiwe na mwenye muswada mezani. Bunge likihitaji kuelimishwa, lilipie lenyewe kutoka bajeti yake, na sisi walipa kodi tutaikubali gharama hiyo.

Nane, waziri, mbunge, katibu mkuu au mtaalamu anayetoka madarakani asubiri miaka miwili kabla ya kuajiriwa kuishawishi ofisi aliyoitoka.

Na tisa, ambalo naliomba kwa msisitizo: sheria hii isigeuzwe kuwa fimbo ya kuwachapa wananchi. Raia anayezungumza na mbunge wake juu ya shida yake asidaiwe usajili. Kikundi cha akina mama wa vicoba kisitozwe ada wala kutishwa faini kwa kuandika barua. Mwandishi wa habari asizuiwe. Daftari ni kwa ajili ya wanaolipwa na wenye maslahi makubwa, na kuandika jina kuwe bure.

Mtasema nchi ina mambo mazito zaidi: maji, barabara, dawa zahanati. Ndiyo, na kila moja la mambo hayo lina sheria yake, zabuni yake, msamaha wake wa kodi, na mtu aliyekuja kuuomba. Msamaha wa kodi anaopewa mmoja ni zahanati isiyojengwa kwa mwingine. Tukijua nani aliuomba na kwa ahadi gani, tunaweza kumuuliza baada ya miaka mitatu: ajira ulizoahidi ziko wapi? Tusipojua, tutawauliza ninyi, na ninyi hamtakuwa na jibu.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye bajeti. Msimu bei ya mbegu ilipoanguka, jirani yangu, mzee aliyelima alizeti tangu ujana wake, aliziacha ekari zake sita zikaota magugu. Nilimwuliza kwa nini asipande hata mbili. Akaniambia, "Mwanangu, hilo shamba linalimwa huko juu. Sisi tunashika jembe tu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtu mwenye hasira bado anaamini kuna wa kumsikiliza. Yeye alikuwa ameshaamini kwamba sheria ina wenyewe, na yeye si mmoja wao.

Spika anaposema, "Nafikiri waliosema ndiyo wameshinda," ile ndiyo inasemwa kwa niaba ya mzee yule. Anastahili kujua ni nani wengine waliokuwa wakisikilizwa kabla haijatamkwa.

Nami nisiombe jambo ambalo siko tayari kulitenda. Barua hii ni ushawishi, na mwenye maslahi ni mimi. Basi mkikianzisha kitabu, mstari wa kwanza nimeshaujaza:

Anakotoka: Singida.
Kazi: Mkamuaji wa alizeti.
Anayemtuma: Hakuna. Nauli yake mwenyewe.
Anaokuja kuwaona: Wabunge wote.
Sababu ya kuja: Kuomba ushuru wa mafuta ya kula usibadilishwe kabla ya wakulima kusikilizwa, na kuomba kila mwenye ombi kama hili, mkubwa kwa mdogo, aandike mstari wake chini ya wangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkamuaji wa alizeti,
Singida.